Ukuta wa majina ya waliokufa Hali ya Hatari: ushahidi, watoto wa ngati na jiwe lenyewe

Mtetu_wa_Juu:

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Kijiji chetu kiko upande wa Tetu, Kaunti ya Nyeri. Ni kimoja cha vile vya 1954, watu walipong'olewa mashambani mwao, nyumba zao zikachomwa, wakarundikwa pamoja ndani ya mtaro uliojaa vijiti vilivyochongoka. Palipokuwa na kituo cha ngati (wenyeji waliolinda upande wa serikali ya kikoloni) leo ni uwanja wa shule ya msingi. Kamati ya wazee, kina mama wa kanisa na vijana imekubaliana kujenga ukuta wa majina ya watu wa hapa waliokufa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Januari 1960: waliopigwa risasi, walionyongwa, waliofia kizuizini, na watoto waliokufa kwa njaa na maradhi humo kijijini.

Tumekwama hivi. Hatujui jina lihitaji ushahidi kiasi gani kabla ya kuchongwa. Kuna familia za ngati na za waliouawa na Mau Mau zinazouliza kama watu wao watakuwemo, na kuna wazee walioapa kutokanyaga hapo endapo hao watakuwemo. Wengine wanaleta vitambulisho wakidhani tunaandikisha watu wa fidia ya Uingereza. Tena hatujui jiwe gani litadumu. Wanaojua, tusaidieni kwa kina.

---

KaratasiNaSauti:

Anzeni na sauti za wazee, ukuta ufuate. Aliyekuwa na miaka kumi 1954 alizaliwa 1944. Hesabuni wenyewe mmebakiwa na muda gani.

Kila mzee ahojiwe peke yake, nyumbani kwake, asubuhi akiwa na nguvu, kwa muda usiozidi dakika 90. Mkikusanya wazee sita kwenye ukumbi wa kanisa mtarudi na simulizi moja, ya mwenye sauti kubwa, na wengine watano wataitikia tu. Ikiwezekana mwanawe naye asikae chumbani. Kuna mambo ambayo mama hakuwahi kumwambia mtoto wake na hatayasema leo mbele yake. Waliyotendewa wanawake vituoni wakati wa kuhojiwa yalielezwa hadi Mahakama Kuu ya London, kwa hiyo jiandaeni kuyasikia. Anayemhoji mwanamke awe mwanamke mtu mzima, asiwe wa ukoo unaotajwa. Mama akinyamaza, zima kinasa sauti, msimvute.

Hojini kwa Kikuyu na mnakili kwa Kikuyu. Tafsiri ifanywe baadaye na mtu mwingine.

Msiulize "mwaka gani". Mtatajiwa mwaka wowote. Ulizeni kama alikuwa ametahiriwa, na riika lake (kundi la waliotahiriwa pamoja) linaitwaje. Ilikuwa kabla ya kuhamia kijijini au baada yake (uhamishaji ulianza katikati ya 1954, na kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameingizwa kwenye vijiji 804). Kabla ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kunyongwa, 18 Februari 1957, au baada? Kabla ya mashamba kupimwa na kuunganishwa au baada? Kwa alama hizo mtaukaribia mwaka kuliko kwa swali la moja kwa moja.

Mtu akisema "alipelekwa Manyani akafia huko", fuateni njia yote aliyopita. Waliokamatwa kwenye msako wa Nairobi wa 24 Aprili 1954 walipitishwa mbele ya gakunia, wale waliofunikwa gunia lenye matundu ya macho, kisha wakasombwa kwenda kambi za kizuizi za Lang'ata, Manyani au Mackinnon Road. Waligawanywa kwa majina ya rangi kulingana na walivyodhaniwa kushikamana na Mau Mau: weupe, wa kijivu, weusi. Aliyeonekana kulegea alisogezwa kambi kwa kambi hadi kambi ya kazi karibu na kwao. Kwa Nyeri mnazo mbili zinazojulikana vyema: Aguthi, ambayo sasa ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri, na Mweru, ambayo nayo ni shule ya upili. Ushahidi wa mtu aliyefungwa na marehemu kambi moja una uzito kuliko wa jirani aliyesikia habari kijijini.

Kipimo cha jina: mashahidi wawili wa nyumba tofauti, wasiohojiwa siku moja, au shahidi mmoja na karatasi moja (kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, hati ya kuachiliwa, barua ya kambi). Jina lenye shahidi mmoja tu liwekwe kwenye daftari, si kwenye jiwe. Hapa kuna mtego mkubwa kwenu: sisi huwapa watoto majina ya babu zao, basi Kamau wa Njoroge mnaweza kuwapata wanne kwenye kilima kimoja, wawili wao wakiwa wamekufa miaka hiyo hiyo. Kila fomu iwe na jina la baba, jina la mama, mbari (ukoo), riika na mahali nyumba ilipokuwa kabla ya kijiji. Bila hivyo mtachonga mtu mmoja mara mbili na kuwafuta wawili.

Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina majalada ya wilaya. Yale mafaili takriban 8,800 ya makoloni 37 ambayo Uingereza ilikuwa imeyaficha Hanslope Park yalijulikana 2011, na sasa yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza huko Kew, kundi la FCO 141. Msitegemee kukuta humo majina ya watu wenu. Mengi ni maofisa wakiandikiana. Faida yake kwenu ni tarehe, amri na majina ya kambi. Nyaraka nyingine zilichomwa kabla ya uhuru, kwa hiyo kukosa karatasi si dalili kwamba jambo halikutokea.

Upande wa mitambo: rekodini WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya sauti ya njia moja ni kama megabaiti 520. Wekeni nakala tatu, moja nje ya kijiji. Karatasi za wazee pigeni picha mbele na nyuma pamoja na rula, mzirudishe siku hiyo hiyo. Msizifunike kwa plastiki ya moto wala kuziunga kwa selotepu, maana gundi hula wino na haitoki tena.

---

WakiliMashinani:

Naongeza upande wa sheria, kwa sababu suala la fidia lisiposemwa mapema litawaharibia ushahidi wote. Mtu anayedhani atalipwa hukumbuka zaidi ya alichokiona, na anayeogopa jirani atalipwa zaidi yake hunyamaza.

Waambieni wazi: malipo ya Uingereza yalitangazwa bungeni kwao 6 Juni 2013. Yalihusu walalamishi 5,228, na jumla yake, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Hague, alisema serikali yake inajutia yaliyotokea, lakini haikukubali kwamba inawajibika kisheria. Kesi ya pili ya watu zaidi ya 40,000 ilianguka 2018. Jaji aliona muda umepita mno kwa kesi kusikilizwa kwa haki. Yeyote anayezunguka leo akitoza "ada ya usajili" anawaibia wazee. Juu kabisa ya fomu yenu andikeni kwa herufi kubwa: HII SI FOMU YA FIDIA, NA HAILIPIWI. Isomwe kwa sauti kabla ya kinasa kuwashwa.

Ridhaa iwe ya hatua tatu, kila moja na sahihi au alama ya kidole yake: kurekodiwa, kuhifadhiwa, kusikilizishwa watu wengine. Mzee anaweza kukubali mbili na kukataa ya tatu, au kusema isikilizwe akishafariki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa ridhaa, basi mwachieni nakala ya fomu yenye namba ya kamati.

Wapo pia watakaowauliza kwa nini msitumie orodha ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Tume ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 na kukabidhi ripoti Mei 2013, lakini mamlaka yake yalianzia 12 Desemba 1963. Ukoloni umo kama chimbuko tu. Wahanga wa miaka ya hamsini haikuwaorodhesha.

Sasa ardhi. Wenye mashamba wakiwa kizuizini, mashamba yaliunganishwa na kupimwa chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na waliokuwa upande wa serikali ndio waliokaa kwenye kamati. Sheria ya usajili iliyofuata ilikinga usajili wa kwanza usibatilishwe hata ulipopatikana kwa ulaghai. Uchungu huo bado uko hai, na ukipenyeza kwenye kikao cha majina, kikao kimekwisha. Tengeni daftari la pili, jalada lenye rangi nyingine, la malalamiko ya ardhi. Njia yake ni Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo kwa kifungu cha 15 cha sheria yake hupokea dhuluma za kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Lakini marekebisho ya 2016 yaliweka ukomo wa miaka mitano wa kusajili madai, kwa hiyo ulizeni ofisini kwao kama mlango uko wazi kabla ya kumpa mtu matumaini. Anayeanza kutaja namba ya shamba kwenye kikao cha majina aelekezwe kwenye daftari hilo kwa upole, na afanyiwe miadi yake siku hiyo hiyo ili asione amefukuzwa.

---

KimendeChini:

Ngati ndio watakaowaamulia kama ukuta utasimama au utavunjwa, na sikubali kwamba ni suala la kupigiwa kura na kamati.

Angalieni Lari, huku Kiambu. Usiku wa 26 Machi 1953 Mau Mau walivamia nyumba za Chifu mstaafu Luka Wakahangara na za waliomfuata, wakaua makumi ya watu, wengi wakiwa wanawake na watoto. Chimbuko lilikuwa ardhi: watu waliohamishwa Tigoni, na Luka kukubali kubadilishiwa ardhi huko Lari huku wengine wakikataa. Usiku huo huo na siku zilizofuata, vikosi vya serikali na ngati waliua kulipiza kisasi. Waliouawa na Mau Mau walitangazwa dunia nzima na serikali ya kikoloni. Wa kundi la pili hata hesabu yao haikufanywa sawasawa. Watoto wa pande zote mbili waliendelea kuchota maji mto mmoja. Makumbusho ya Amani ya Lari hapa Kimende yalianzishwa kwa kuwaketisha pamoja wazee wa Mau Mau na wa ngati, na yanafaa kutembelewa na kamati yenu nzima kabla hamjachora ramani ya ukuta.

Mambo mawili mliyaweke mezani mapema. Hesabu rasmi ya serikali yenyewe ni Waafrika zaidi ya 1,800 na walowezi 32 waliouawa na Mau Mau, kwa upande wa raia; na wapiganaji takriban 11,000 waliouawa. Walionyongwa walikuwa 1,090. Anayetaka kusema pande zilikuwa sawa hesabu hiyo inamkataa, na anayetaka kusema Mau Mau hawakumuua jirani inamkataa pia.

La pili, "ngati" si kundi moja. Wapo waliotajirika: walisamehewa kodi, wakapewa ruhusa ya kusafiri, leseni za biashara, ardhi nzuri, na vyeti vya utiifu vilivyowapa kura ya 1957. Wapo waliokabidhiwa mkuki kwa sababu chifu alisema chagua huu au kizuizini. Na wapo waliolinda lango mchana na kupeleka risasi msituni usiku. Mkihoji familia zao utaratibu uwe ule ule: peke yao, nyumbani kwao, na mhojaji asiwe mtoto wa aliyekuwa msituni. Ulizeni alichofanya. Msiulize alikuwa upande gani, kwa kuwa jibu la upande limeshaandaliwa miaka sabini.

Mikutano ya pamoja ije baada ya mahojiano yote kwisha. Watu kumi na wawili wanatosha, sita kwa sita, wazee wawili kutoka kijiji cha mbali wakiongoza. Kanuni: kila mmoja anasema la nyumba yake tu, hakuna kumjibu mwenzako siku hiyo. Mikutano mingi ya aina hii huvunjika saa ya kwanza kwa sababu mtu alidai msamaha papo hapo. Msamaha msiuweke kwenye ajenda. Ukitokea, utatokea jikoni kwa mtu, bila kamera.

Kuhusu majina, pendekezo langu ni orodha moja ya alfabeti ya watu wote wa kijiji waliouawa miaka hiyo, bila cheo wala upande. Waliokufa wakiwa ngati kazini wajadiliwe jina kwa jina na familia zote mbili zinazohusika.

---

MjukuuWaNyandarua:

Hapo mwisho napinga. Orodha moja isiyosema chochote inamweka aliyepigwa hadi kufa kituoni karibu na aliyempiga, na mwanafunzi wa 2060 atasoma kana kwamba wote walipatwa na mafuriko. Serikali ya kikoloni ilijaribu jambo hilo hilo baada ya mauaji ya kambi ya Hola, 3 Machi 1959: wafungwa 11 waliouawa kwa kipigo, tangazo la kwanza likadai walikufa baada ya kunywa maji. Namna mtu alivyokufa ni sehemu ya jina lake.

Wekeni vibao vitatu, kila kimoja na sentensi moja juu. "Waliouawa na vikosi vya serikali ya kikoloni au kufia mikononi mwake." "Waliouawa na wapiganaji wa Mau Mau." "Waliokufa kwa njaa na maradhi katika kijiji cha lazima." Urefu uwe sawa, jiwe sawa, herufi sawa. Familia ya aliyeuawa na Mau Mau inapata jina lake mahali pa heshima, na hakuna anayeambiwa asahau nani alimuua nani. Ngati aliyeuawa vitani anaingia kibao cha pili, kwa sababu ndivyo alivyokufa. Kwa hiyo kamati haihitaji kujadili kama alikuwa mtu mwema.

Kibao cha tatu ndicho kitakuwa kirefu kuliko vyote mkifanya kazi vizuri, na ndicho wanaume hukisahau. Watoto wengi hawana shahidi zaidi ya mama. Kwao legezeni kipimo cha mashahidi wawili: mama au ndugu mmoja atosha. Asiyekumbukwa jina achongwe "mtoto wa" pamoja na jina la mama, si la baba pekee. Kina mama ndio waliochimba mitaro chini ya mtutu wa bunduki na kurudi jioni wakapewa saa moja ya kutafuta chakula.

---

KimendeChini:

Nimekusoma. Kwa kibao cha tatu nakubaliana nawe neno kwa neno. Kwa vile viwili bado nina hofu, kwa sababu vibao hupakwa lami kimoja kimoja. Orodha moja ni vigumu kuiharibu bila kumharibu mjomba wako. Mtetu, pelekeni mapendekezo yote mawili kwa familia, kwenye karatasi kubwa yenye majina halisi, waone. Wakiyaona kwa macho watajadili tofauti na wanavyojadili hewani.

---

FundiMawe:

Jiwe. Msitumie kibao cha shaba wala aluminiamu. Huibwa kuuzwa vyuma chakavu. Plasta ya saruji yenye herufi za kuchora hubanduka kwa mvua za Nyeri. Tumieni matale (graniti) meusi yaliyong'arishwa, unene usipungue milimita 30, herufi zichongwe kwa kupuliza mchanga kina cha milimita 2 hadi 3, kisha rangi nyeupe ya nje. Rangi itachakaa, kina kitabaki.

Bamba la sentimita 120 kwa 60 likisimamishwa, herufi za milimita 18 na mistari kila milimita 30, linachukua mistari 36 kwa safu mbili, yaani majina 72, kila jina lisizidi herufi kama 20. Mtu mwenye majina marefu achukue mistari miwili; msimkatie jina. Mhakikishe fundi ana ĩ na ũ kwenye kompyuta yake. Wengi hawana, na huchonga i na u tupu bila kuuliza. Dai karatasi ya vipimo halisi, isainiwe na familia jina kwa jina, ndipo mlipe sehemu ya pili.

Kabla ya kuchonga, bandikeni orodha kwa siku 90 kanisani, kwa chifu na kwenye lango la shule, na kalamu pembeni. Acheni robo ya kila bamba wazi, majina mapya yatakuja mwezi baada ya uzinduzi. Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, na nyuma ya ukuta wekeni mfereji wa maji. Uwanja wa shule una mteremko, maji yakisimama nyuma ukuta huegemea mbele ndani ya misimu miwili.

Kama mna nia ya sanamu, tazameni ile ya Uhuru Park, Nairobi, iliyozinduliwa 12 Septemba 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawatazamani, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwingine. Sanamu inayoeleza jinsi jambo lilivyofanyika hufundisha kuliko ya mtu aliyeinua bunduki.

Msizindue miezi ya kampeni. Na jina la mwanasiasa lisiwe kwenye jiwe lile lile. Awekewe kibao kidogo langoni.

---

Mtetu_wa_Juu:

Ahsanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki. Familia moja inataka jina la aliyemuua baba yao lichongwe, na wana mashahidi wawili. Pia mwalimu mkuu anasema waliochimba choo kipya walikuta mifupa kwenye kina cha mita moja, wakaifukia tena. Wazee wengine wanataka ifukuliwe wiki hii izikwe upya chini ya ukuta.

---

WakiliMashinani:

Jina la muuaji liandikwe kwenye ushahidi wa sauti, lisichongwe. Marehemu hawezi kushtaki kwa kuchafuliwa jina, kwa hiyo kizuizi hapa si cha sheria. Ni kwamba ukuta hauna nafasi ya kusikiliza upande wa pili, na atakayeulipia ni mjukuu anayesoma shule hiyo hiyo. Waambieni familia kwamba kanda yao itahifadhiwa nzima, jina likiwemo, na waoneshwe itakapowekwa.

Mifupa isiguswe. Simamisheni uchimbaji leo, funikeni shimo kwa turubai na mabati, wekeni uzio wa mita tano kila upande, pigeni picha bila kusogeza kitu, andikeni ni nani alichimba, tarehe na kina. Kisha chifu na polisi, kwa maandishi, na nakala kwa Makumbusho ya Taifa, maana wao wana wataalamu wa kusoma mifupa na udongo. Kufukua bila kibali ni kosa, na zaidi ya hapo ni kupoteza yale mnayoyatafuta: jinsi mwili ulivyolala, kitufe, risasi, pingu, vyote hivyo vinasema ni nani na alikufaje vikiwa mahali pake tu. Mifupa ikitiwa gunia haisemi tena.

Muulizeni mwalimu pia kama udongo wa shimo ulimwagwa mahali pengine. Kama ulimwagwa, wekeni uzio na huko.

---

KimendeChini:

Na kabla mtaalamu hajaja, wazee wa kimila na wachungaji wakae pamoja kuhusu thahu, yaani unajisi wa kimila. Waliochimba walishika mifupa ya watu na wakarudi nyumbani bila kutakaswa, na hilo litasemwa kijijini mtake msitake. Kuna watakaotaka mbuzi achinjwe, wengine maombi, na waumini wa Akorino wana utaratibu wao. Fanyeni yote, siku tofauti, kila mmoja ahudhurie la imani yake. Wachimbaji watajwe kwa majina na kualikwa kwanza. Ni vijana, na hakuna aliyewaambia walichokuwa wanakigusa.